Simama mwisho wa ghala ndipo uagize kibao

Mtu akiambiwa na mkaguzi wa zimamoto aweke alama za njia ya kutokea wakati wa dharura, hukimbilia duka la stika, anachukua zilizopo na kubandika popote penye nafasi. Kazi yangu ya usalama imenipitisha kwenye maghala, gesti na kumbi nyingi za Dar es Salaam, na ni nadra kukuta jengo lisilo na alama kabisa. Zipo, ila hazionekani kutoka pale anaposimama mwenye kuzihitaji.

Kwa hiyo anzia hapo. Nenda kona ya mbali kabisa ambako mtu anaweza kuwa anafanya kazi, vuta tepu mpaka mlangoni. Hesabu inayotumika kimataifa ni nyepesi: kibao kinachotegemea taa za chumba huonekana mpaka umbali wa mara 100 ya kimo cha picha yake, chenye taa ndani yake, mara 200. Picha ya sentimita 15 inakufikisha mita 15, na ikiwa na taa ndani, mita 30. Ghala la mita 40 basi linataka picha ya sentimita 40 mlangoni, au kibao kingine chenye mshale katikati ya njia.

Nimesema picha, sijasema karatasi. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Unaagiza A4 ya kulala, kimo chake sentimita 21, unaridhika. Fundi anaweka nembo ya kampuni yako juu, maneno ya Kiswahili na Kiingereza chini, na namba yake ya simu pembeni kwa ajili ya biashara. Yule mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni anabakiwa na sentimita 7. Umelipia mita 21, umepewa mita 7. Mwambie picha ijaze kibao. Mchoro ule, uliotokana na kazi ya Mjapani Yukio Ota na wenzake, umeenea duniani kwa sababu anauelewa hata asiyejua kusoma. Maneno ni nyongeza tu.

Ukishapata ukubwa, tazama pembe. Kwenye korido ya gesti, kibao kilichobandikwa bapa ukutani kinasomwa na anayesimama mbele yake. Anayetembea kuja anaona ukingo wa plastiki. Tumia kinachotokeza ukutani au kinachoning'inia, chenye picha pande zote mbili. Usibandike kwenye bamba la mlango lenyewe pia, maana mlango ukifunguliwa alama imeondoka nao. Iwe juu ya fremu, kati ya mita 2 na 2.5 kutoka sakafuni. Ukiibana kwenye dari ndefu ya ghala, moshi unapanda na kuifunika mapema.

Mitungi ya kuzimia moto nayo ina balaa lake. Stika nyekundu hubandikwa nyuma ya mtungi, halafu mzigo unapangwa mbele, na mtungi unapotea pamoja na stika yake. Pandisha alama ivuke kimo cha maboksi yanapojaa, usipime siku ghala likiwa tupu.

Kumbi za harusi ndizo zinazonitia hofu kuliko maghala. Mpambaji anaingia asubuhi na marobota ya vitambaa, anazungushia ukuta mzima, na kibao cha kijani kinachoharibu rangi zake kinafunikwa kwanza. Wakati mwingine hata mlango wenyewe unazibwa, jukwaa la maharusi likawekwa mbele yake. Mwenye ukumbi, andika kwenye mkataba kwamba milango ya dharura na alama zake hazifunikwi, kisha pita mwenyewe kabla ya wageni kuingia. Mpambaji atanuna, mwache anune.

Zile alama zinazong'aa gizani ni nzuri, ila hunywa mwanga kwanza. Ukiziweka kwenye ngazi ambayo taa yake haiwashwi, umeme ukikatika hazina cha kutoa. Za betri zijaribu usiku: zima swichi kubwa, mwombe mtu asiyelijua jengo atoke mwenyewe, nawe mfuate nyuma na tochi iliyozimwa. Anaposita ndipo pa kuongeza kibao. Kisha acha umeme umezimwa uone betri zinadumu muda gani, kwa sababu umeme ukiwepo, kibao chenye betri iliyokufa kinawaka vilevile kama kizima.