Kwa nini propela ya injini iliyokufa hugoma kulala?

Swali: Vitabu vya ndege za zamani za injini mbili, kama Piper Seneca, vinaonya kwamba mizunguko ikishuka mno, mapanga ya injini iliyokufa hayawezi tena kulazwa sambamba na upepo. Kwa nini mtengenezaji aweke kizuizi kwenye kifaa cha kuokoa maisha? DC-3, ndege kongwe ya injini mbili, nayo inacho?

Jibu: Kizuizi hicho ni kwa ajili ya ardhini. Katika propela za aina hii, presha ya oili kutoka kwenye gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya propela, ndiyo inayoyaweka mapanga kwenye pembe ndogo. Springi au gesi ya naitrojeni iliyo kwenye kitovu, pamoja na vipande vizito vilivyofungwa kwenye mashina ya mapanga, husukuma kinyume chake. Oili ikiisha, mapanga hulala yenyewe. Angani hilo ni jema, lakini yangelala pia kila unapozima injini isiyo na hitilafu kwenye maegesho, na kuwasha injini ya namna hiyo ni kuitesa stata na kuitikisa injini vibaya. Ndiyo sababu kuna pini zenye springi: propela ikizunguka kasi hurushwa nje, ikipungua, kwenye Seneca takriban mizunguko 800 kwa dakika, huingia na kufunga.

Propela inayozungushwa na upepo katika mwendo wa kawaida hukaa juu ya kiwango hicho. Hatari huja ukiinua pua na kupoteza mwendo, au injini inapokwama kwa kukosa oili. Injini ikishasimama mapanga yakiwa bapa mbele ya upepo, hakuna wenzo utakaoyalaza, na ndege nyingi za kundi hili haziwezi kupanda na mzigo huo. Kwa hiyo ukiona presha ya oili inaanguka na injini inaanza kugonga, usingoje ife.

Utaratibu wenyewe: shika mwendo wa mstari wa buluu kwenye kipima mwendo, yaani mwendo bora wa kupanda kwa injini moja, sukuma nyenzo zote mbele, inua magurudumu na flapu. Ukishakanyaga pedali ili ndege isigeuke, mguu usiokanyaga chochote uko upande wa injini iliyokufa. Thibitisha kwa kurudisha nyuma wenzo wake wa nguvu. Sauti na mvuto visipobadilika, umepata yenyewe. Hapo vuta wenzo wa propela hadi mwisho, kisha kata mchanganyiko wa mafuta na hewa. Usiiruke hatua ya kuthibitisha hata ukiwa na haraka kiasi gani, maana kulaza propela ya injini iliyo hai ni kubaki bila injini.

Kabla ya kuruka, jaribu kwenye mizunguko 1500 hivi: vuta wenzo hadi kulaza, urudishe kabla mizunguko haijashuka zaidi ya 500. Ikishuka kwa uvivu huku oili imeshapata joto, mwambie fundi apime naitrojeni. Huvuja polepole bila dalili nyingine, na kipimo chake husomwa kulingana na joto la hewa.

DC-3 haina pini hizo. Propela yake ya Hydromatic hulazwa na oili inayosukumwa na pampu ya umeme, kwa hiyo hulala hata injini ikiwa imesimama. Lakini kitazame kitufe chekundu kinachoiwasha pampu hiyo: mapanga yakishalala kinapaswa kuruka nje chenyewe. Kisiporuka, kivute kwa mkono mara moja, la sivyo presha itazidi kupanda na kuyafungua mapanga tena.