Maswali ya Wasomaji: Siko Seli, Kundi la Damu na Mtoto wa Nani

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka neno moja: damu. Damu ya ukoo, damu ya baba, damu iliyoingiliana. Ni lugha nzuri ya mazungumzo, lakini inapotosha. Ukichanganya maziwa na chai huwezi kuyatoa tena. Jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi, hazichanganyiki hivyo. Kila moja hupita nzima kutoka kwa mzazi, au haipiti kabisa.

Mimi na mume wangu sote ni AS. Kifungua mimba wetu ana siko seli. Kliniki walituambia "mmoja kati ya wanne". Mama mkwe anasema basi zamu ya ugonjwa imepita, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Ni kweli? (Mama wa mtoto mmoja, Busia)

Si kweli, mama, na hesabu hiyo imewaponza wengi. Jaribuni jambo hili nyumbani na mama mkwe akiwepo. Mume atie mfukoni maharagwe mawili, moja jeupe na moja jekundu. Nawe utie mawili kama hayo. Jeupe ni A, jeni ya kawaida; jekundu ni S, jeni ya siko seli. Kila mimba, kila mmoja anachomoa haragwe moja bila kutazama. Yakitoka meupe mawili, mtoto ni AA. Likitoka jeupe na jekundu, ni AS kama ninyi. Yakitoka mekundu mawili, ni SS, yaani mgonjwa. Halafu maharagwe yanarudi mfukoni, na hapo ndipo mama mkwe alipoteleza. Mimba ya pili inaanza na mifuko ileile, wala haijui ya kwanza ilichomoa nini. Kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, awe wa pili au wa nane.

Chukulia familia 100 ambazo wazazi wote ni AS na kila moja ina watoto 4. Kwa hesabu, kama 32 hazitapata mgonjwa hata mmoja, 42 zitapata mmoja, 21 wawili, na 5 zilizobaki watatu au wote wanne. Zile 32 ndizo zinazosema siko seli haiko kwao, ilhali maharagwe mekundu yamo mifukoni.

Haragwe jekundu lenyewe ni kosa la herufi moja. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza beta globini, mnyororo wa asidi amino 146 ambao ni sehemu ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Katika nafasi ya 6, herufi GAG zimekuwa GTG, na badala ya asidi glutamiki inaingia valini. Valini hukimbia maji. Oksijeni ikipungua, hemoglobini zenye valini hushikana na kujipanga kama kamba ndefu ndani ya chembe nyekundu, nayo inapinda kama mundu. Chembe nzima huishi siku zipatazo 120. Hii huishi 10 hadi 20. Uboho haukimbizani na kasi hiyo, ndiyo maana mtoto ana damu kidogo na macho ya njano. Chembe zikiziba mishipa midogo, hayo ndiyo maumivu ya mifupa.

Ukipata mimba nyingine, usingoje dalili. Mtoto achukuliwe tone la damu kisiginoni mapema baada ya kuzaliwa. Miezi ya kwanza hemoglobini ya kichanga, inayoitwa F, humkinga, kisha inapungua. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni mikono au miguu kuvimba akiwa na nusu mwaka hivi. Akithibitika SS, kawaida huanzishiwa penisilini ya kunywa, miligramu 125 mara mbili kwa siku, na kuanzia miaka 3 miligramu 250 mara mbili hadi afikishe 5, kwa sababu wengu wake huharibika mapema na vijidudu vya nimonia hupita bila kuzuiwa. Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto. Ukiona umekua ghafla na mtoto amepauka, siku hiyohiyo ni hospitali, hata kama ni usiku. Homa nayo ni vivyo hivyo. Usianze na panadoli ukasubiri kupambazuke.

Na yule mkubwa muulizie dawa ya haidroksiyurea. Huirudisha ile hemoglobini F kwa kiasi, na imejaribiwa kwa watoto wa Afrika, Mbale ikiwa moja ya vituo.

Binti yangu wa miezi 4 alipimwa sikling, majibu yakatoka hasi. Shemeji yangu naye kapimwa, chanya, sasa anaambiwa ni mgonjwa. Tuamini? (Msomaji, Kasese)

Msiamini jibu lolote kati ya hayo mawili. Kipimo cha sikling ni rahisi: tone la damu huchanganywa na sodiamu metabisulfaiti, hufunikwa kwa kioo ili hewa isiingie, na fundi hutazama kwa darubini kama chembe zinapinda. Kinajibu swali moja tu, je, kuna S? Cha AS na cha SS vyote hutoka chanya, kwa hiyo shemeji huenda ni AS mwenye afya tele. Kwa kichanga ambaye bado amejaa hemoglobini F, kinaweza kutoka hasi hali ugonjwa upo.

Ombeni elektroforesisi. Hemoglobini huwekwa kwenye ukanda wenye majimaji ya alkali, umeme unapitishwa, na kila aina inakimbia kwa mwendo wake. Asidi glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo S, iliyopoteza chaji hiyo, inabaki nyuma ya A. Macho makavu yanaona: AA ina mstari mmoja mbele, SS mstari wa nyuma, AS mistari miwili, wa A ukiwa mnene kidogo kuliko wa S. Kwa mtoto mdogo mstari wa F utaonekana pia, wala usiwatishe.

Mgonjwa aliyeongezewa damu asubiri kama miezi 3 kabla ya kupimwa. La sivyo mnampima aliyetoa damu.

Nabeba mizigo ya wapandaji mlima Rwenzori. Nimegundua mimi ni AS. Niache kazi? (Kijana, Kilembe)

AS si ugonjwa na haihitaji dawa. Ila huko juu, kilele cha Margherita kikiwa mita 5,109, oksijeni ni haba, na mwenye AS mara chache hupata maumivu makali ya wengu. Panda polepole, kunywa maji mengi, usibebe mzigo ukiwa na homa. Ukihisi maumivu chini ya mbavu za kushoto, shuka mara moja na umwambie kiongozi wa msafara kwamba wewe ni AS, maana bila kujua hilo atadhani ni tumbo.

Sisi Baganda hatuoani ndani ya ukoo wetu, wala ukoo wa mama. Kama desturi hiyo inakinga damu, mbona siko seli imejaa? (Mzee wa ukoo wa Nsenene, Masaka)

Mzee wetu, desturi hiyo inakinga, ila inakinga mambo mengine. Watoto wa ndugu wawili wanachangia takriban moja ya nane ya DNA yao. Wakioana, jeni adimu iliyokuwa kwa babu mmoja inaweza kukutana na nakala yake yenyewe. Ukitoka nje ya ukoo, uwezekano wa kukutana na jeni adimu ileile unakuwa mdogo sana.

S si adimu Uganda. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2014 na 2015, uliotumia matone ya damu ya watoto 97,631, ulikuta asilimia 13.3 ni AS na asilimia 0.7 wana ugonjwa. Kusini Magharibi AS ilikuwa asilimia 4.6 tu, ilhali kwa Baamba wa Bundibugyo, wachunguzi wa enzi za ukoloni walishakuta karibu asilimia 45. Kwa ile 13.3, wawili wakioana bila kupima, kama ndoa 1 kati ya 57 itakuwa ya AS kwa AS. Awe wa Nsenene au wa Mamba, ukoo hautamwonyesha mchumba wako ana S au hana.

Kilichoieneza ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison alitoa matokeo ya watoto 290 wa Kiganda: kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, kati ya 247 wasio na AS, 113. Mtoto wa AS huugua malaria, lakini ile kali inayoua mara nyingi humkosa. Basi palipo na mbu wengi, wenye AS waliishi wakazaa, na S ikaongezeka kizazi baada ya kizazi. Kwenye vilima vya baridi vya Kigezi haikuwa na faida hiyo. Kwa hiyo desturi iendelee, mzee, na kabla ya kwanjula, sherehe ya utambulisho, vijana wapime elektroforesisi. Mshenga anauliza mambo mengi. Aongeze na hili.

Mimi ni kundi B, mke wangu A, mtoto ni O. Ndugu zangu wanasema si wangu, nimfukuze. (Baba, Arua)

Ndugu yetu, subiri. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu, na O hufichwa na A au B. Wewe waweza kuwa BO, mke AO. Ukatoa O, naye akatoa O, mtoto ni OO. Ninyi wawili mnaweza kuzaa A, B, AB na O, makundi yote manne. Kundi la damu linaweza kumtilia mtu shaka, kwa mfano mtoto wa AB kwa baba wa O, na hata hapo kuna visa vya nadra. Kuthibitisha baba haliwezi.

Ukitaka uhakika, kipimo ni cha DNA. Kampala maabara ya serikali iko Wandegeya. Msile wala kunywa kitu kwa nusu saa, mtoto asukutue kinywa kwa maji. Kijiti cha pamba kisicho na vijidudu kinasuguliwa ndani ya shavu kama sekunde 30, kila shavu na kijiti chake. Kiachwe kikauke, kiwekwe katika bahasha ya karatasi. Ukikitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kikiwa kibichi, bakteria wataila DNA kabla haijafika. Kama jibu litakwenda mahakamani, mtu wa maabara ndiye achukue sampuli, vitambulisho vikaguliwe na kila mmoja atie sahihi.

Maabara haisomi DNA yote. Inatazama sehemu zipatazo 16 hadi 24 ambapo herufi chache zinajirudia, na kuhesabu mara ngapi. Tuseme sehemu moja mama ana 11 na 14, mtoto ana 14 na 17. Ile 14 ni ya mama, basi 17 lazima itoke kwa baba. Ukiwa na 17 na 19, umepita hapo. Ukiwa na 12 na 15, hapo hukupita. Kutopita sehemu moja hakutoshi kukukataa, kwani hesabu huweza kuruka kidogo wakati mbegu inatengenezwa. Zikifika tatu au zaidi, kwa kawaida wewe si baba. Jibu la "ndiyo" litaandikwa kama asilimia 99.99 badala ya 100, kwa sababu hatuwezi kupima wanaume wote duniani. Kama anayeshukiwa ni kaka yako, waambie maabara mapema: kaka hufanana nusu ya DNA, na hapo watahitaji sehemu nyingi zaidi na sampuli ya mama.

Na mtoto asisikie mjadala huu sebuleni. Yeye hakuchagua haragwe lolote.

Mapacha wangu, Waswa na Kato, wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Je, DNA inaweza kuwatofautisha? (Ssalongo, Jinja)

Kama walitoka yai moja lililogawanyika, kipimo tulichoeleza hapo juu kitaona mtu mmoja. Hata siku Waswa akipata mtoto, kipimo hicho hakitajua kama baba ni yeye au Kato. Alama za vidole ni jambo jingine. Huchorwa tumboni kwa jinsi kila mmoja alivyobanwa na kukua, hivyo zinatofautiana. Polisi wakikuta alama ya kidole kwenye kioo, watajua ni cha nani. Wakikuta mate kwenye kikombe, itawabidi wasome DNA nzima ya wote wawili, herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kila mzazi, wakitafuta chache zilizobadilika baada ya yai kugawanyika.