Dawa za H. pylori: ladha ya chuma, choo cheusi na mengine

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya watu walio katikati ya dozi ya H. pylori, bakteria anayejichimbia kwenye utando wa tumbo na kuleta vidonda.

Daktari, tangu nianze hizi dawa mdomo una ladha ya chuma. Hata omena siisikii utamu. Niache? – Mama, Nyalenda, Kisumu

Usiache, mama. Hiyo ni klarithromaisini au metronidazoli, antibiotiki zilizo kwenye dozi yako, na itaisha siku chache baada ya dozi. Piga mswaki mara kwa mara, vumilia. Dozi huwa ya siku 14 kwa kawaida, na ukiikatiza katikati, bakteria waliobaki huenda wakawa sugu. Hapo ukirudi kliniki utapata dawa chache zaidi za kuchagua, na mara nyingi madhara yake ni makali kuliko haya unayolalamikia. Na jambo moja ambalo wengi hukosea: omeprazoli humezwa karibu nusu saa kabla ya kula, si pamoja na rundo lote baada ya ugali. Kazi yake ni kupunguza asidi ili antibiotiki zifanye kazi.

Choo changu kimekuwa cheusi kama makaa. Natokwa damu? – Nakuru

Tazama pakiti zako. Kama kuna bismuthi, dawa ya tumbo inayoongezwa kwenye baadhi ya dozi hizi, ndiyo hiyo. Hata ulimi huweza kuwa mweusi, na haina shida. Kama hakuna, wala humezi vidonge vya madini ya chuma, usijitulize. Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, pamoja na kizunguzungu, ni cha kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nahara. Shosho ananiambia ninywe maziwa lala. – Njoro

Shosho hajakosea sana, ila kama umepewa tetrasaiklini, antibiotiki nyingine ya dozi hizi, maziwa huizuia isiingie mwilini. Achanisha kwa saa mbili au zaidi. Kuhara kidogo ni kawaida. Kunywa maji na uji. Ukiona damu, homa, au unakimbilia choo kutwa nzima, usinunue dawa ya kufunga tumbo: rudi kwa daktari leo. Ukivimba uso au kupumua kwa shida, usimeze kidonge kingine, kimbia hospitali.

Jumamosi kuna harusi Bungoma. Busaa kidogo tu?

Ukiwa kwenye metronidazoli, hapana, na ungoje siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Unaweza kutapika mbele ya wakwe.

Nimemaliza dozi. Nipime lini? – Kondele

Ngoja angalau wiki nne baada ya antibiotiki, na uwe umeacha omeprazoli kwa wiki mbili, kisha upimwe choo au pumzi. Kile kipimo cha tone la damu kwenye kemisti hakifai hapa. Kinasoma kinga za mwili, nazo hubaki miezi, hata miaka, bakteria akishaondoka. Kwa sababu yake mtu aliyepona anaweza kuanzishiwa dozi nyingine bure.