Kijana wangu anakwenda umisionari ugenini

SWALI: Mhariri, kijana wangu ameitwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kuwa mmisionari katika nchi ya mbali kwa miezi 24. Atashinda akifanya nini huko, na je, nitaruhusiwa kuzungumza naye?

JIBU: Tuanze na la pili, maana bila shaka ndilo linalokukosesha usingizi. Zamani mmisionari alipiga simu nyumbani wakati wa Krismasi na Siku ya Mama tu, lakini tangu Februari 2019 anaruhusiwa kuzungumza na familia kila wiki, hata kwa simu ya video, katika siku yake ya maandalizi, ambayo pia ni siku ya kufua na kununua chakula.

Siku nyingine zina ratiba kali. Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi, hufanya mazoezi na kusoma maandiko, kisha hushinda nje akiwa na beji ya jina kifuani, akibisha hodi na kufundisha. Milango mingine hufungwa kabla hajamaliza salamu. Jambo wasilolitarajia wazazi wengi ni kwamba hatembei peke yake, bali na mwenzake aliyepangiwa na viongozi, ambaye huishi naye nyumba moja hata kama tabia zao hazipatani. Kwa maoni yetu, hilo huchosha kuliko jua. Mfundishe mapema kupika, kufua, na kusema bila hasira anapokwazwa.