Ami, hii yatoka nyumba gani?

Mmetuuliza wiki hii: ukirudi kwenu baada ya miezi mingi, ukishawaamkia wazazi, unakwenda wapi kwanza? Mimi ni Langoni, hapa Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe, kwenye viduka vya vitu vikuukuu, vile ambavyo mlango haufunguki wote kwa sababu nyuma yake pamesimamishwa friji mbovu.

Sisemi maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, yanayouza vitu vipya vilivyotiwa rangi vionekane vya kale. Nasema vyumba vya giza ambamo feni lisilo na mapanga limelazwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kandili zimetundikwa pamoja na pampu za baiskeli, na mwenye duka mwenyewe hajui chini ya rundo kuna nini. Unatoka na vumbi mpaka kwenye kope.

Safari hii nilichomoa sahani chini ya masufuria. Maua mekundu, ukingo umemeguka. Nikaigeuza. Mgongoni muna muhuri wa Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, kiwanda ambacho sahani na bakuli zake ziliingia sana pwani yetu zamani. Na kwenye kikalio chake, matundu mawili madogo yaliyotobolewa kwa kekee. Hayo hayakutoka kiwandani. Ni ya kupitishia uzi, sahani itundikwe ukutani. Kuna mtu wa Amu aliyeitazama akasema hii si ya kulia wali, akamwita fundi aitoboe taratibu isipasuke.

Nikamuuliza mwenye duka: "Ami, hii yatoka nyumba gani?"

"Mtaa wa Mkomani, mwanangu. Wameuza nyumba, wakanambia nichukue vyombo vyote."

Ya nani? Hakukumbuka. Vyombo ni vingi, na humjia kwa mkokoteni usiku usiku.

Hili laniuma kweli. Mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Makumbusho yana siwa, baragumu kubwa za sherehe, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Amu. Sheria ya mwaka 2006 inalinda hata milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Lakini nyumba ikiuzwa, au ndugu wakigawana mirathi, mlango hubaki na vya zidakani, vile vilivyopangwa kwenye vishubaka vya ukutani, hutawanyika. Kiti cha enzi, kile cha fahari cha kukalisha wageni wa heshima, hakifiki kwenye viduka hivi, thamani yake kila mtu aijua. Vinavyofika ni vile vilivyoshikwa kila siku: upawa, kifumbu, kinu kilicholika upande mmoja.

Na masinia. Sinia la shaba nililiona limeegemezwa ukutani, jeusi, na ukingoni limegongwa jina kwa ncha ya msumari, herufi za Kiarabu, nukta moja moja. Wasiokulia huku wajue: penye harusi au khitma vyombo huazimwa mtaa mzima, na kila mwenye chake hukitia alama kimrudie. Jina ni la kike. La baba yake limelika kwa kusuguliwa jivu na ndimu. Mimi naona sinia hilo lina habari za Amu zaidi ya kasha lolote lililopambwa kwa njumu za shaba, kwa sababu limeingia nyumba za watu wote, tajiri na maskini, na likarudi.

Wenye viduka hawa nawashukuru. Wasingekuwapo wao, shaba ingekwenda kuyeyushwa kama chuma chakavu na sahani zingetupwa. Ninachowaomba ni kimoja, nami nilimwambia ami hivyo: kitu kikiingia, andika kwa chaki jina la nyumba kilikotoka. Akakubali, akaanza na kinu.

Sahani niliinunua. Sinia sikulinunua, ingawa fedha nilikuwa nayo. Nimemwomba aliweke mbele, penye mwanga, mpaka Maulidi, watu wetu wa Mombasa na kwengineko watakapojaa mjini. Huenda akapita mjukuu akalisoma jina la nyanya yake.