Kabla ya kuruka mara ya kwanza, pima mafuta

Mkuu, umesema ndege yako ya viti viwili uliyojiundia imekamilika, injini ni Rotax 912 ULS ya farasi 100, umeiwasha ardhini mara nne bila tatizo, na Jumamosi unataka kuipaisha. Nakuomba sana, subiri kwanza upime mafuta yanayofika kwenye injini kwa dakika.

Injini kuunguruma vizuri pua ikiwa imelala haina maana kwamba itakunywa vizuri pua ikielekea juu. Yangu niliiunda Kigamboni kwa miaka mitatu, nayo iliunguruma safi. Mzee aliyenifundisha ufundi akakataa nisiruke. Tukapandisha gurudumu la mbele juu ya matofali mpaka pua ikakaa kama ndege inayopanda, tangini tukabakiza lita chache tu, tukachomoa paipu kwenye kabureta, tukawasha pampu na kukinga kwenye chupa yenye alama, saa mkononi. Dakika moja: mililita 430. Hiyo ni kama lita 26 kwa saa. Injini hii ikipewa moto wote inakunywa kama 27, na mfumo wa pampu unatakiwa utoe asilimia 125 ya hapo, yaani karibu 34!

Tulipofungua chujio tukakuta chengachenga nyeusi za mpira. Nilikata paipu kwa kisu butu na sikuipuliza. Ingenizimikia juu ya mikoko. Baada ya kusafisha tukapata mililita 610, karibu lita 37 kwa saa.

Siku ya kuruka, nenda saa 12 na nusu asubuhi. Kipindi hiki cha kaskazi, jua likishapanda Dar hewa inakuwa nyepesi, bawa linabeba kidogo na injini inachemka haraka. Nenda peke yako, hata ndugu akubembeleze vipi. Zunguka juu ya uwanja huohuo, ili injini ikizima ushuke ukielea. Ukifika futi 3,000 punguza mwendo taratibu mpaka bawa lianze kutetemeka, dalili kwamba linakaribia kuacha kubeba, usome kipimo cha mwendo, kisha zidisha namba hiyo kwa 1.3. Huo ndio mwendo wako wa kuja kutua, maana kipimo ulichofunga mwenyewe huenda kinadanganya, na namba za kitabuni ni za ndege ya mwenzako.

Marekani ndege kama hizi kwa kawaida hupewa saa 40 za majaribio, au 25 kama injini na propela vina cheti. Mimi nilimaliza 40 ndipo mke wangu akakaa kiti cha pili.