Kabla hujampa kidonge: maswali yenu kuhusu dawa za presha

*Shikamoo sista. Niko mafunzoni, wodi ya wanaume. Asubuhi mgonjwa alikuwa na 96/58, na saa mbili anatakiwa kumeza amlodipini na atenololi. Daktari ameshaandika, nimpe?* (Mwanafunzi wa uuguzi, Morogoro)

Marahaba. Usimpe bado. Daktari aliandika akiangalia presha ya jana. Pima upya wewe mwenyewe, mgonjwa akiwa ametulia dakika 5, na utazame mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi: mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha tarakimu, mdogo kwenye mkono mnene huzipandisha. Kisha hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, maana atenololi hupunguza mwendo wa moyo. Wodi nyingi zina kikomo chao. Mara nyingi tarakimu ya juu ikiwa chini ya 100, au mapigo chini ya 60, dawa inasubiri hadi daktari aulizwe. Fuata kikomo cha wodi yako.

Ukiwa hapo kitandani, muulize: amekula? Ameharisha au kutapika usiku? Ana kizunguzungu? Majibu hayo ndiyo daktari atakayoyataka ukimpigia. Halafu andika kwenye chati: presha, mapigo, saa, dawa gani hukutoa, nani umemjulisha na amesema nini. Kisanduku kilichoachwa wazi humfanya nesi wa zamu inayofuata adhani umesahau, naye atatoa.

Na atenololi isizuiliwe kimyakimya siku tatu mfululizo. Ikikatwa ghafla kwa mwenye ugonjwa wa moyo, inaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Kila dozi inayozuiwa ina mazungumzo yake na daktari.

*Mama ana miaka 74. Tangu aongezewe dawa ameanguka mara mbili akiamka usiku kwenda chooni. Presha yake kliniki ni nzuri.* (Msomaji, Tanga)

Kliniki wanampima ameketi, naye anaanguka akisimama. Mpimeni amelala, kisha asimame mkiwa mmemshika, mpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mmempata mwizi. Andikeni vipimo hivyo mkavipeleke kliniki, daktari apunguze au abadilishe. Msimpunguzie nyumbani.

Wakati mnasubiri: akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame. Taa iwake, na ndoo ya haja ndogo iwe karibu na kitanda. Wazee wengine huona aibu, mwambieni ni ya muda. Kama kati ya dawa zake kuna ya kukojoza, ulizeni kama anaweza kuimeza asubuhi. Na siku ya kliniki bebeni dawa zote alizonazo kwenye mfuko mmoja. Si ajabu kukuta bibi anameza losartani mbili zenye majina tofauti, moja ya zahanati na nyingine ya duka la dawa.

*Presha ya mume wangu ilifika 190. Jirani akamtobolea kidonge cha nifedipini chini ya ulimi. Tufanye hivyo tena?* (Mama J., Dodoma)

Hapana. Zamani hata hospitali zilifanya, ikaachwa kwa sababu presha inaweza kuporomoka ghafla, ubongo na moyo vikakosa damu, mtu akapata kiharusi katika kutibiwa. Akae atulie, mpime tena. Akiwa na maumivu ya kifua, upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, kuona ukungu, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi, ni hospitali sasa hivi. Kama hana lolote kati ya hayo na bado iko juu, aonwe na daktari siku hiyo au kesho yake. Na muulize kwa upole kama alikuwa anameza dawa zake.

*Enalaprili inanikohoza, kikohozi kikavu kisichoisha.*

Dawa za kundi hilo hufanya hivyo. Rudi ubadilishiwe, usinunue dawa ya kifua. Midomo, ulimi au uso vikivimba, acha dawa na ukimbilie hospitali usiku huohuo.

*Nina mimba ya miezi miwili, natumia losartani.*

Nenda kliniki leo. Losartani na enalaprili zinaweza kudhuru figo za mtoto. Utapewa nyingine, kwa mfano metildopa. Usibaki bila dawa.

*Magoti yananiuma, naruhusiwa diklofenaki na dawa zangu za presha?*

Isiwe ya kila siku. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, na zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza zinaumiza figo. Anza na parasetamoli, na mwambie muuza dawa una presha kabla hajafungua boksi.